"Barafu ilirudi nyuma": nini hasa kilirudi?

Swali: Ninafundisha jiografia sekondari. Katika somo la kaskazini mwa Kanada niliandika: "Barafu iliporudi nyuma ilichora mistari mirefu ardhini." Mwanafunzi akauliza kama barafu ilitembea kinyumenyume. Je, nimekosea?

Jibu: Kisarufi hujakosea, ila mwanafunzi wako ameshika penyewe. Kitenzi "kurudi" kinamtaka mtendaji aondoke alipo aelekee alikotoka, na barafu haikufanya hivyo. Mtu wa pwani akisema maji yamekupwa, maji yenyewe yameondoka. Ganda la barafu, yaani barafu nene inayofunika nchi kubwa, haliko hivyo: kila siku lilizidi kusonga mbele, kutoka katikati yake kwenda pembeni. Kilichorudi ni ukingo wake, kwa kuwa barafu ya pembeni iliyeyuka na kumeguka haraka kuliko ilivyoletwa mpya kutoka ndani.

Usidhani huku ni kuchambua maneno tu. Chukua eneo la Ziwa Dubawnt, huko Nunavut, kaskazini mwa Kanada. Takriban miaka 10,000 iliyopita, ganda kubwa lililofunika sehemu kubwa ya Kanada likiwa tayari linanywea, palizuka hapo mkondo wa barafu, yaani ukanda unaokwenda mbio kuliko barafu iliyo kandokando yake. Mikondo ya namna hiyo husonga mamia ya mita kwa mwaka, mara nyingi ikiteleza juu ya maji na tope laini, ilhali barafu ya jirani huenda mita chache tu. Mkondo wa Dubawnt ulielekea kaskazini-magharibi. Ukingo wa ganda, wakati huohuo, ulikuwa ukisogea upande wa pili, kuelekea Ghuba ya Hudson. Miendo miwili, pande mbili! "Barafu ilirudi nyuma" inaifanya kuwa mmoja, na mwanafunzi atakayeangalia picha za setilaiti ataisoma mistari ile kichwa chini.

Kuhusu "ilichora mistari": mistari ni kile kionekanacho angani. Ukisimama chini ni matuta na mifereji kati yake, yamelala sambamba, na yapo yanayozidi kilomita 10 kwa urefu. Neno "matuta" kila mwanafunzi aliyeshika jembe analijua, kwa hiyo litumie. "Mikwaruzo" iachie alama ndogo zilizobaki juu ya mwamba mgumu, pale mawe yaliyogandamana na barafu yalipoburuzwa. "Kuchonga" nako kunafaa mabonde na mwamba, si matuta ya udongo.

Sentensi yako ningeiandika hivi: "Ukingo wa ganda la barafu ulipokuwa ukirudi nyuma, mikondo ya barafu iliyosonga kuelekea ukingoni iliacha matuta marefu ardhini." Ukitaka fupi, "barafu ilipokuwa ikipungua" inatosha. Na "kurudi nyuma" hukatazwi kulitumia, mradi "ukingo" utangulie.