Maswali ya Wasomaji: Winchi Mbili, Ndoana Moja

Picha za bandari za miaka ya 1950 zinaonyesha deriki mbili (milingoti ya kuinulia mizigo) juu ya kila ngama (chumba cha mizigo) ya meli ya shehena. Wazee husema zilikuwa hazizunguki. Sasa mzigo ulivukaje hadi kwenye tishari (chombo bapa cha mizigo kilichoegeshwa ubavuni)? – Msomaji, Tanga

Wazee wamesema kweli. Deriki moja husimama juu ya mdomo wa ngama, nyingine hutokezwa nje ya ubavu wa meli, na zote mbili hufungwa zisicheze. Kila moja ina waya wake na winchi yake (mashine ya kuukunja na kuuachia waya huo), ila nyaya hizo hukutana kwenye ndoana moja. Winchi ya ndani huinua, ya nje inakusanya tu waya uliolegea. Mzigo ukishapita kizingiti cha ngama, ya nje huanza kuvuta na ya ndani huachia taratibu, shehena ikitambaa hewani kuvuka sitaha. Ikifika juu ya tishari, uzito wote uko kwenye waya wa nje, na huo ndio unaoteremsha.

Hatari yake ni kuinua juu mno, maana ndoana ikipanda, pembe kati ya nyaya mbili hupanuka. Chukua slingi (fungu la mizigo lililofungwa kamba) ya tani 2. Nyaya zikiachana kwa pembe ya nyuzi 90, kila mmoja unabeba tani 1.4. Zikifika 120, kila waya unabeba tani 2 kamili, kana kwamba mwenzake hayupo. Zikifika 150, ni karibu tani 4 kila mmoja, na slingi ni ile ile! Ndiyo maana deriki ya tani 5 ikiunganishwa hivi ilipewa tani moja na nusu hadi mbili, na nyuzi 120 zikawa ndio mwisho. Nguvu hiyo pia huzivuta deriki zenyewe zielekeane, kwa hiyo kila moja huwekewa waya mnene wa kuishikilia upande wa pili. Kagua huo kwanza, kabla ya winchi. Ukiwa umelegea, deriki hukurupuka mzigo unapohama, na waliomo ngamani hawana pa kukimbilia.

Ngama haikuvuja, lakini magunia ya kahawa ya juu yalifika Ulaya yameota ukungu. Kwa nini? – Msomaji, Mombasa

Ni jasho la meli. Kahawa hupakiwa kwenye joto, na meli ikiingia baridi ya kaskazini chuma cha sitaha hupoa, unyevu wa magunia ukageuka matone na kudondoka. Dawa ni hewa: pima kwa kipimajoto kikavu na chenye utambi wa maji, ndani na nje. Vipimo hivyo hukupa kiwango cha umande, yaani joto ambalo unyevu wa hewa huanza kugeuka matone. Cha nje kikiwa chini kuliko cha ngamani, fungua njia za hewa. Kikiwa juu, funga. Bomba za hewa za upande wa demani (usiopigwa na upepo) zielekezwe kwenye upepo, za goshini (upande unaopigwa na upepo) ziupe mgongo. Na gunia lisiguse chuma; mbao na mikeka vikae katikati.

Mdomo wa ngama ulifunikwaje? – Msomaji, Zanzibar

Boriti za chuma kukingama, mbao juu yake, kisha turubai, mara nyingi tatu, zikibanwa kwa pao za chuma na kabari za mti. Kabari za ubavuni hupigwa kutoka omo (mbele ya meli) kuelekea shetri (nyuma), ili wimbi linalotoka mbele lizidi kuzikaza. Zikipigwa kinyume, wimbi hilo hilo huzing'oa.