Maswali na majibu: Shukrani ya leo isilale

Maswali mengi yaliyonifikia mwezi huu yanahusu kumshukuru Mungu kila siku. Nimechagua sita, nimeyafupisha, na majina nimeyaacha.

Mtumishi, kila usiku nasema "Asante Mungu kwa uzima na afya", halafu nalala. Naona nakariri tu. Nifanyeje?

Hujakosea kushukuru kwa uzima, mwanangu, ila neno hilo ni pana mno, siku yako yenyewe haionekani ndani yake. Fungua Zaburi 136. Ina mistari 26, na kila mmoja una kiitikio kile kile cha fadhili za milele, lakini mwimbaji haishii kwenye kiitikio. Anataja mbingu, jua, mwezi, Bahari ya Shamu, kisha anashuka hadi kwenye majina ya wafalme wawili, Sihoni wa Waamori na Ogu wa Bashani. Nawe taja hivyo hivyo. Jana mimi nilimshukuru Mungu kwa ajili ya mama muuza maandazi aliyenikimbilia hadi kituoni na chenji yangu niliyoisahau, noti ya elfu tano, vidole vyake bado vina unga.

Tena shukuru leo. Katika Walawi 7, nyama ya sadaka ya nadhiri iliweza kubaki ikaliwa kesho yake, lakini ya sadaka ya shukrani ilipaswa kuliwa siku ile ile, isisazwe hata asubuhi. Kwangu imekuwa kweli: jambo nisilolishukuru jioni, zikipita siku tatu silikumbuki tena.

Kanisani kwetu tunaomba: "Asante kwa kutuamsha. Wengine wamekufa usiku wa leo, wengine wako mahututi, na si kwamba sisi ni wema kuliko wao." Kuna ubaya?

Nimeomba hivyo miaka mingi. Nilifundishwa na wazee wanyenyekevu kweli kweli, na yale maneno ya mwisho ndiyo yanayoizuia sala hiyo isifanane na ya Mfarisayo wa Luka 18, aliyeshukuru kwa kuwa yeye si kama watu wengine. Nia ni njema. Hata hivyo, niliacha.

Asubuhi moja niliomba hivyo kwenye jumuiya yetu. Nilipofumbua macho nikamwona dada mmoja ambaye mama yake alilazwa usiku ule. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasokota ncha ya kanga. Nikaona kwamba mgonjwa wake nimemfanya mizani ya kupimia baraka zangu, naye ameketi pale pale anasikia. Siku hizi nasema, "Asante kwa kuniamsha," nanyamaza kidogo, halafu nawaombea wagonjwa kwa majina yao, sala ya peke yake. Nakuomba ujaribu.

Mimi ni mama. Nilimzika mwanangu mwezi wa tatu. Watu wananiambia, "Shukuru kwa kila jambo." Siwezi. Nimemkosea Mungu?

Hapana, mama. Pole sana. Pole hiyo ndiyo uliyostahili kupewa kwanza.

Mstari wanaokutajia ni 1 Wathesalonike 5:18. Kwa Kigiriki alichokiandika Paulo ni "katika kila jambo", yaani hata uwe kwenye hali gani, bado njia ya kumwendea Mungu ipo. Hakuambii ushukuru kwa sababu mwanao amekufa. Twende kwenye kaburi la Lazaro, Yohana 11. Yesu alijua anakwenda kumfufua, na bado mstari wa 35 unasema alilia machozi. Ni katika mstari wa 41, jiwe likiwa limeondolewa, ndipo alipoinua macho akasema, "Baba, nakushukuru kwa kuwa umenisikia." Alishukuru kwa kusikiwa. Kifo cha rafiki yake hakukishukuru.

Ipo pia Zaburi ya 88. Inaanza kwa kilio, inaishia gizani, haina neno la asante hata moja, na imo katika Biblia ile ile wanayokusomea. Basi lia, mama. Siku utakapoweza, mshukuru Mungu kwa kitu kimoja kidogo cha mwanao, labda kicheko chake au wimbo alioupenda. Siku usipoweza, tutakushukuria sisi. Na anayetaka kukutajia mstari, aje kwanza akuchotee maji.

Daftari la shukrani si mambo ya kuiga tu?

Katika Yoshua 4, Waisraeli walitoa mawe 12 katikati ya Yordani ili watoto wakiuliza maana yake waelezwe. Daftari lako ni mawe hayo. Mistari mitatu kwa usiku inatosha.

Jumapili ya shukrani wenzangu hupeleka bahasha. Mimi ni kibarua, mara nyingi sina kitu. Nibaki nyumbani?

Usibaki. Katika Luka 17 walitakaswa wakoma kumi, akarudi Msamaria mmoja. Hatusomi kwamba alishika chochote mkononi. Alirudi akimtukuza Mungu kwa sauti kuu, akaanguka miguuni pa Yesu, na Yesu akauliza waliko wale tisa, si walichonacho.

Nimeshuhudia kwenye mnada wa sadaka za mavuno yai moja, lililoletwa na bibi mmoja, likinadiwa mara tano: kila aliyelinunua alilirudisha mezani linadiwe tena, na bibi mwenyewe amesimama pembeni anapiga vigelegele. Kwenu viongozi mnaosoma majina na viwango vya bahasha mbele ya watu, nawasihi muache. Mnawafukuza wenye shukrani.

Mtoto wangu wa miaka minne kila jioni anamshukuru Mungu kwa ajili ya kuku wetu, basi. Nimsahihishe?

Mwache. Zaburi ya 104 ina korongo, mbuzi-mwitu na wibari. Wewe itikia "Amina", na kesho jioni msikilize kama ameongeza vifaranga.