Chupa ya babu: ya Mjerumani au ya Mwingereza?

SWALI: Babu alituachia chupa ya maji ya askari. Ni ya chuma chenye enameli ya buluu, ubavu mmoja umebonyea, ina kizibo cha gome kama cha mvinyo, na imevishwa nguo nzito ya kaki. Tumekua tukiambiwa ni ya Mjerumani. Haina maandishi. Nitajuaje? – Msomaji, Voi

JIBU: Kwa maelezo hayo, ni ya Mwingereza. Umbo la figo, enameli na kizibo kilichofungwa kwa kamba ni vya chupa iliyogawiwa majeshi ya Uingereza na makoloni yake, Keya (askari Waafrika wa King's African Rifles) wakiwemo, katika vita vyote viwili vya dunia. Ya Mjerumani wa Vita vya Pili kwa kawaida ni ya alumini, ina kikombe juu na kifuniko cha kuzungusha. Shingoni hugongwa herufi za kiwanda na tarakimu mbili za mwaka, mathalani 39. Alumini ilipoadimika, naye alitumia chuma chenye enameli, kwa hiyo enameli peke yake isikupe jibu.

Pima ujazo. Mimina maji kwa faneli na kikombe cha vipimo, nguo isilowe. Ya Mwingereza huchukua kama lita 1.1, ya Mjerumani 0.8, ya Mmarekani 0.95. Ya Mfaransa huijua hata gizani: ina midomo miwili, mkubwa na mdogo, na ni ya lita 1 au 2.

Umri ndio mgumu, maana chupa ya 1914 na ya 1940 zinafanana mno. Tazama mikanda iliyoibeba. Ya ngozi huenda ni ya mtindo wa 1914, ulioletwa kwa kuwa viwanda vya turubai vilizidiwa. Turubai ni ya 1908 au ya 1937. Juu ya mikanda tafuta chapa ya mshale unaofanana na mguu wa kuku, alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Mshale ndani ya U ni Afrika Kusini, ndani ya C ni Kanada, wenye I ni India. Lakini mikanda huhamishwa kutoka chupa hadi chupa, hivyo inaeleza habari zake yenyewe kwanza.

Tafadhali usiivue nguo wala usiifue. Ukiivua, mshono wa zamani unakatika, na huo ndio ushahidi wako bora. Usisugue kwa waya wa sufuria. Enameli ikibanduka, kutu huanzia hapo hapo. Na usiinywee maji.

SWALI: Nauziwa chupa ya Mmarekani. Mpini wa kikombe umeandikwa 1943. Je, ndio mwaka wa chupa? – Msomaji, Tanga

JIBU: Huo ni mwaka wa kikombe. Pindua chupa usome kitako: utakuta U.S., jina la kiwanda na mwaka wake. Miaka ikitofautiana, huenda vimeunganishwa baadaye, na bei ishuke.