Kabla ya Kushika Kafi: Ushauri kwa Wanaotaka Kushuka Mito ya Milimani

Anayesafiri mara kwa mara kwa barabara ya Morogoro huenda amewahi kuvuka daraja la Ruvu siku ya jua kali, akatazama chini na kukuta mto umefura, maji yamekuwa rangi ya chai ya maziwa na vijiti vinaelea juu yake, ilhali Dar es Salaam haijaona tone la mvua kwa wiki nzima. Mvua hiyo ilinyesha kwenye safu ya Uluguru, pengine usiku, na maji yakachukua saa zake kuteremka hadi darajani. Siwashauri mkaingize boti hapo, kwa kuwa Ruvu ina mamba na viboko wake. Nimeanza na mto huo kwa sababu mtu aliyeuelewa kutoka dirishani mwa basi amekwisha kuelewa jambo ambalo mimi nilifundishwa kwa aibu mbele ya wenzangu.

Tulikuwa sita, wote wa Dar, na tulikwenda Kenya kwa basi kupitia Namanga ili kushuka mto Tana kwa boti ya mpira pale Sagana, mwendo wa kilomita zipatazo 100 kaskazini mwa Nairobi. Ulikuwa mwezi wa Novemba, wakati wa vuli. Mto huo hupokea maji kutoka Mlima Kenya na milima ya Aberdare, lakini asubuhi ile sisi tuliona anga safi tu. Nahodha wa boti yetu, kijana mpole asiyependa maneno mengi, alitembea hadi ukingoni, akalitazama jiwe fulani kwa muda mrefu, akachota maji kwa kiganja na kuyamwaga, kisha akarudi na kusema kwamba siku hiyo hatuingii. Nakiri kwamba katika waliopandisha sauti mimi nilikuwa wa kwanza, kwa kuwa nauli, malazi na siku za likizo vilikuwa vimekwisha kulipiwa. Hakubishana nasi. Aliagiza chai, akatuomba tuketi pale pale tulitazame lile jiwe. Hazikupita saa mbili tangu tuketi, jiwe likawa limezama kabisa, na gogo zima la mti likapita mbele yetu kwa kasi ambayo hakuna kafi ingeweza kuikwepa. Juu yetu jua lilikuwa bado linawaka.

Wahenga walisema ukiyavulia maji nguo huna budi kuyaoga, na katika mambo mengi ya maisha nakubaliana nao. Mtoni sikubaliani nao hata kidogo. Mtu anayekwenda kushuka mto wa milimani anapaswa kuwa tayari kuvua nguo, kutazama maji, kisha kuvaa tena na kwenda zake. Na utayari huo hauanzii ukingoni, unaanzia kwenye simu anayopiga kabla ya kulipa. Swali langu la kwanza kwa kampuni yoyote siku hizi halihusu bei wala picha. Nauliza: mkiahirisha kwa sababu ya maji, fedha zangu zinakuwaje? Kampuni inayorudisha fedha au kusogeza tarehe bila mabishano imempa nahodha wake uhuru wa kukataa, ilhali kampuni isiyorudisha kitu imemweka kati ya mto na abiria wenye hasira kama tulivyokuwa sisi. Wapo pia wanaojibu kwa fahari kwamba hawajawahi kuahirisha safari hata mara moja. Hao nawashukuru na kukata simu.

Mito nayo haifanani, na kalenda ya mmoja haifai kwa mwingine. Mto Nile pale Jinja, Uganda, unatoka Ziwa Victoria, na ziwa hilo ni kama tangi kubwa mno ambalo mvua ya siku moja hailitingishi. Tena mabwawa ya umeme hudhibiti maji yanayoachiliwa, kwa hiyo watu hushuka mto huo mwaka mzima. Mabwawa hayo hayo, hata hivyo, yamemeza sehemu ya maporomoko yenyewe. Bwawa la Bujagali lililokamilika mwaka 2012 liliyafunika maporomoko yaliyokuwa maarufu kwa jina hilo, na lile la Isimba lililozinduliwa mwaka 2019 likazamisha mengine huko chini, kwa hiyo picha nyingi za zamani zinazozunguka mtandaoni zinaonyesha maji ambayo leo hayapo. Uliza mnaanzia wapi na mnaishia wapi, na usisahau kadi ya chanjo ya homa ya manjano mpakani.

Zambezi, chini ya Maporomoko ya Victoria, huwashangaza wengi zaidi, kwa maana pale maji yakipungua ndipo mto unapokuwa mkali. Kati ya Agosti na Desemba miamba ya korongo la Batoka hujitokeza na maji hudondoka kwa ngazi, na huo ndio msimu wenyewe. Mafuriko yanapofika kilele, mnamo Aprili, safari husimama. Jitayarishe pia kwa mlima wa kutoka korongoni jioni, kwani miguu yenye maji haipendi ngazi.

Sasa niseme kuhusu kuogelea, kwa kuwa hapa ndipo sisi watu wa pwani tunapojidanganya. Mimi nimekulia kwenye maji ya Coco na Kigamboni, na nilidhani hilo linatosha. Chumvi ya bahari hukubeba. Maji ya mto hayana chumvi, na lile povu jeupe la maporomoko limejaa hewa, kwa hiyo nguvu yake ya kukubeba ni ndogo kuliko hata ya maji ya mto yasiyo na povu. Bahari, tena, hukupa nafasi ya kuvuta pumzi kati ya wimbi na wimbi, wakati wimbi la mtoni limesimama mahali pamoja na maji ndiyo yanayopita, bila mapumziko. Boti yetu ilipopinduka Jinja, katika safari nyingine, nilipiga mbizi na kurusha mikono kama niko baharini, nikachoka kabla sijafika popote. Kilichoniokoa ni jaketi okozi na kijana aliyekuwa akitufuata kwa kayaki, kile kimtumbwi chembamba cha mtu mmoja, kwa kazi hiyo hiyo.

Ukianguka, lala chali, miguu mbele kuelekea maji yanakokwenda, vidole vya miguu juu ya maji, na usijaribu kusimama hata kama kina ni cha kiuno tu, kwa sababu mguu ukinasa kati ya mawe, nguvu ya maji itakulaza kifudifudi na hutaweza kuinuka. Yapo maelekezo mamoja yanayokwenda kinyume na hayo, nayo huhusu mti ulioangukia mtoni. Maji hupenya katikati ya matawi lakini mtu hapenyi. Ukiona unapelekwa huko, geuka tumbo, ogelea kwa nguvu zako zote kuukwepa, na ukishindwa, jirushe juu ya shina badala ya kupita chini yake.

Kuhusu vifaa sitasema mengi. Jaketi lifungwe hadi mwenzako akilivuta mabegani lisipande kufika masikioni. Kampuni moja ilinipa lililovunjika kifungo na kuniambia nilifunge kwa kamba, nami nikaacha safari ile na fedha zangu pia. Vaa raba zenye kamba, si kandambili. Jinzi zikilowa huwa mzigo. Kafi ina kishikio cha juu chenye umbo la herufi T, na mkono wako usikiachie wakati wowote, si kwa ajili yako tu bali kwa ajili ya meno ya aliyeketi karibu nawe.

Wanaovutiwa na kayaki nawasihi wasianzie mtoni. Boti ya mpira ina nahodha wa kukusahihisha, ilhali katika kayaki uko peke yako, umefungwa kiunoni kwa ile sketi inayozuia maji yasiingie. Mimi nilianzia kwenye bwawa la kuogelea la hoteli hapa mjini, na kwa wiki tatu sikufanya lolote ila kupinduliwa kichwa chini na kujifunza kutoka. Siku ya nne niliifunga sketi nikasahau kuacha nje kile kitanzi cha kuivutia, na nikiwa chini ya maji yale masafi yenye vigae vya bluu, mwalimu wangu akiwa amesimama hatua mbili tu kutoka kwangu, nilipapasa bila kukipata hadi yeye aliponigeuza. Tangu siku hiyo hugusa kitanzi kwa mkono kabla ya kushika kafi, kila mara, hata kama maji yametulia kama ya kwenye beseni.

Mkisharudi nyumbani, safari bado haijaisha. Nile na mito mingine mingi ya ukanda wetu ina kichocho, na vipimo vya siku za mwanzo vinaweza kusema huna kitu wakati minyoo bado inakua mwilini. Subiri wiki sita au zaidi, nenda hospitali, na mwambie daktari waziwazi kwamba uliogelea mtoni na ni mto gani, kwa sababu homa ya baada ya safari hapa kwetu hufikiriwa malaria kwanza. Katika sita tuliokwenda Jinja, wawili tulikutwa nacho, mmoja wao mimi, na vidonge vya prazikwanteli tulivimeza siku moja tukamaliza.