Usifute pumzi ya mwimbaji: kwa mnaoanza kurekodi nyimbo za Injili

Mwaka wangu wa pili studio nilimrekodi mama mmoja mjane, mwimbaji wa kanisa dogo la pembezoni mwa Dar es Salaam. Wimbo aliutunga mwenyewe baada ya matanga. Mara ya kwanza alipoimba tulikuwa tunapima sauti tu, ila kitufe cha kurekodi nilikuwa nimeshakibonyeza. Alipofika ubeti wa tatu sauti ilimkatika katikati ya neno. Akanyamaza kidogo, akavuta pumzi nzito, akaendelea kwa sauti ya chini hadi mwisho. Mpiga kinanda aliinua mikono akaacha kupiga. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye skrini, na kwenye skrini niliona kosa. Nikamwambia, "Mama, turudie, hapo pamekatika."

Alirudia mara kumi na nne, mstari kwa mstari. Nikachukua vipande vilivyonyooka nikaviunga, nikasahihisha noti kwa programu, nikakata pumzi zote kati ya mstari na mstari, nikapanga vinanda vitatu na ngoma za kompyuta juu yake. Kazi ilitoka safi na nilijivunia. Jumapili wimbo ulipopigwa kanisani kwao, watu walikaa wametulia tu. Mzee mmoja wa kanisa aliniuliza baadaye, kwa upole kabisa, aliyeimba pale ni nani. Nilirudi studio mbio kuitafuta ile rekodi ya kwanza. Nilikuwa nimeifuta ili diski ipate nafasi.

Huu ni mwaka wangu wa kumi na tisa kwenye meza ya kurekodia, na swali ninaloulizwa zaidi na vijana wanaokuja kujifunza ni hili: wimbo wa Injili unabebwa na upako au na ubora wa studio? Wengi wanaouliza huwa wameshachagua upande. Wapo wanaosema Mungu haangalii miksi. Wapo wanaosema nyimbo zetu zinaaibika redioni zikifuatana na Bongo Fleva, kwa hiyo dawa ni mitambo na biti kali. Mimi nawajibu kwamba mwimbaji huja na upako wake mlangoni, na akishaondoka hakuna kifaa kitakachouongeza. Pale mezani utaulinda au utaupoteza. Ufundi karibu wote nitakaowaeleza hapa ni wa kuulinda.

Lakini sitaki mtu achukue kisa cha yule mama akakifanya kinga ya uvivu. Nimepokea kwaya ya watu thelathini iliyosafiri usiku kucha kwa basi kutoka mkoani, imelipia siku moja, na sauti ya kwanza na ya pili hawajakubaliana kiitikio kinaishia wapi. Mwalimu wa kwaya alianza kuwafundisha sauti ya tatu mle mle studio, saa zikihesabiwa. Nilipouliza kwa nini hawakumaliza mazoezi nyumbani, niliambiwa Roho ataongoza. Namwamini Roho huyo huyo, na ndiyo maana jibu lile liliniuma. Zaburi ya 33 inasema, "Pigeni kwa ustadi kwa sauti ya shangwe," vyote viwili kwenye mstari mmoja. Kitabu cha Kwanza cha Mambo ya Nyakati kinataja waimbaji 288 waliofundishwa na kuwa wastadi, na Kenania alipewa kusimamia nyimbo kwa sababu alikuwa stadi. Watu wale walifanya mazoezi.

Tena angalieni jambo ambalo vitabu vya ufundi haviwezi kuwaambia: kwaya zetu nyingi hufunga kabla ya kurekodi. Ile ya mkoani ilikuwa siku ya tatu ya mfungo. Kufikia saa nane mchana koo zilikuwa zimekauka, besi wanakohoa, dada mmoja wa sauti ya kwanza kakaa chini kwa kizunguzungu. Mfungo ni wao na Mungu wao, wewe fundi huna mamlaka juu yake. Ila unapopanga tarehe, mwite kiongozi wa kwaya pembeni, si mbele ya wenzake, umwombe kwa heshima wafunge wiki iliyotangulia, na siku yenyewe wale chakula chepesi na wanywe maji ya vuguvugu. Sijawahi kukataliwa nilipoomba hivyo. Nilipokuwa kijana na kusema kwa sauti ya kuamuru, nilikataliwa.

Kabla hujapokea malipo ya kwaya yoyote, nenda kwenye mazoezi yao. Kaa nyuma, rekodi kwa simu, usiseme kitu. Wape noti ya kuanzia kwa kinanda, waache waimbe wimbo mzima bila ala, kisha mwishoni bonyeza noti ile ile. Kwaya isiyosikilizana itakuwa imeshuka nusu toni au zaidi bila kujua, na siku ya kurekodi mpiga kinanda ataonekana ndiye mkosaji. Vikundi vya Waadventista Wasabato vinavyoimba bila ala huwa mbele sana hapa, maana masikio yao hayana pa kuegemea zaidi ya mwenzao. Kwaya inayosoma solfa, yaani noti za do-re-mi zilizoandikwa, nayo huiva haraka. Ukiona bado, waambie warudi baada ya wiki tatu. Utapoteza hela ya mwezi huo na utapata wimbo.

Sasa watu thelathini utawaweka wapi? Vyumba vingi vya studio zetu vimejengwa kwa ajili ya mtu mmoja na maikrofoni moja. Nimeona kwaya ikirekodiwa watu wanne wanne, wamevaa hedifoni, kila kundi likiisikia kliki, ule mdundo wa kuhesabia mwendo, badala ya kumsikia mwenzao. Sauti zinatoka zimepangana, ila ile joto ya watu waliozoea kuimba bega kwa bega haipo. Siku hizi mimi huhamisha mitambo kwenda kanisani kwao. Tunaanza saa nne usiku, magari yakipungua barabarani. Feni zote zinazimwa, jenereta kama lipo linasogezwa nyuma ya jengo la mbali, na masika sipangi kabisa, kwa sababu paa la bati likianza kupigwa na mvua hakuna programu itakayoitoa mvua ile bila kuondoka na nusu ya sauti za watu. Maikrofoni mbili mbele, juu kidogo ya vichwa, zikichukua kwaya yote pamoja na chumba. Nyingine chache karibu na kila sauti, za kusaidia tu. Kati ya maikrofoni moja na nyingine acha umbali usiopungua mara tatu ya umbali wa maikrofoni hadi kwa mwimbaji, la sivyo zitakulana sauti. Rekodi kwa biti 24, yaani undani wa rekodi unaouchagua kwenye kompyuta, na usiruhusu kipimo cha nguvu ya sauti kivuke desibeli -6 hata wakati wa kilele, maana kwaya ya Kiafrika ikifika sebene huongezeka nguvu ghafla, na sauti ikishapasuka kwenye kurekodi imeharibika moja kwa moja.

Wanaodhani rekodi ya namna hiyo haiwezi kufika mbali waangalie kilichotokea Berkeley, California, mwishoni mwa miaka ya 1960. Kijana mpiga piano, Edwin Hawkins, alirekodi kwaya ya vijana ndani ya kanisa kwa mashine yenye njia mbili tu za kurekodia sauti. Walitaka nakala chache za kuuza ili wachangishe fedha. Mwaka 1969 wimbo mmoja kutoka mle, "Oh Happy Day", ulifika nafasi ya nne kwenye chati kuu ya Marekani na kupigwa duniani kote. Usikilizeni vizuri, mtasikia kwamba mashine ilikuwa duni lakini watu hawakuwa duni: piano imekaa sawasawa, kwaya inaingia kwa pamoja, na Hawkins alikuwa ameupanga upya wimbo wa kale wa kanisani kwa fikra nyingi sana. Ari pale ilikuwa imefanyiwa mazoezi.

Upande wa pili upo pia. Januari 1972 Aretha Franklin, mwimbaji maarufu wa Marekani, aliimba usiku mbili katika kanisa la New Temple Missionary Baptist, Los Angeles, pamoja na James Cleveland, mwimbaji wa Injili, na kwaya yake. Sauti ilirekodiwa vyema, albamu ikatoka mwaka huo huo. Picha zilichukuliwa na watu wa filamu wenye majina makubwa, lakini hawakupiga kile kibao cha mwanzo wa kila picha kinachowezesha sauti na picha kulinganishwa. Filamu ilikaa kabatini, na ilikuja kuonyeshwa kwa watu mwaka 2018, yeye akiwa ameshafariki. Kuna matatizo ya haki za kisheria pia yaliyoichelewesha, ila yote yalianza na kibao. Kwa hiyo mnaporekodi ibada kwa kamera nne, kama zinavyofanya kwaya nyingi sasa tangu rekodi za ukumbini zishike kasi, mtu mmoja asimame mbele ya kamera zote apige kofi moja kubwa kabla ya wimbo kuanza. Haichukui sekunde tano.

Kwa mwimbaji wa peke yake mambo ni mengine. Mtu aliyezoea kushika maikrofoni mkononi madhabahuni, ukimsimamisha mbele ya maikrofoni ya bei mbaya ukamwambia asisogee, umemfunga kamba. Mimi nina maikrofoni ya mkononi ya kawaida kwa ajili hiyo. Inapoteza ung'avu kidogo wa juu na hainisumbui, kwa sababu anatembea, anafumba macho, anavua viatu akitaka. Taa napunguza. Mwangwi kidogo naweka kwenye hedifoni zake ajisikie yuko kanisani. Halafu anaomba, na mimi naanza kurekodi akiwa bado anaomba, si baada ya "amina". Mara ngapi mstari wa kwanza umeteleza kutoka ndani ya maombi yenyewe! Wimbo aimbe mzima, kutoka mwanzo hadi mwisho, mara tatu au nne. Kuunga nitaunga baadaye, kwa vipande virefu, ubeti mzima ikiwezekana. Mstari kwa mstari nilishaacha.

Kuhusu kusahihisha noti, naomba mnivumilie niseme kwa kirefu, kwa sababu hapa ndipo vijana wengi wanapotuharibia urithi. Programu ya Auto-Tune ilitoka mwaka 1997, na leo ipo kwenye kila kompyuta ya studio. Inazijua noti kumi na mbili za piano na inavuta kila sauti kwenda kwenye iliyo karibu. Lakini waimbaji wetu wengi hawakujifunzia kwenye piano. Chukua Wagogo wa Dodoma. Muziki wao wa ilimba, ala ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba, na zeze la nyuzi umejengwa juu ya sauti zinazozaliwa ndani ya uzi wenyewe unapotetema, na sauti ya saba katika mpangilio huo iko chini ya noti ya piano kwa karibu theluthi ya nusu toni. Zipo kwaya za Kianglikana za kule zinazoimba hivyo hivyo, na masikio ya Mgogo yanajua pale ndipo pake. Programu inaona kosa. Ukiiwasha ukaondoka kunywa chai, ukirudi utakuta umeifuta Dodoma. Hata kwa waimbaji wa Pwani na Ziwa, yule anayeburura noti kutoka chini kama anayeomboleza anafanya kwa makusudi, ndivyo bibi yake alivyolia msibani. Sahihisha noti moja moja kwa mkono, zile tu ambazo mwimbaji mwenyewe akisikia anakunja uso, na programu iweke kwenye mwendo wa pole wa kusahihisha ili sauti ifike pale kwa miguu yake.

Pumzi usifute. Ipunguze kama inazidi maneno, basi. Msikilizaji huvuta pumzi pamoja na mwimbaji, na ukiikata anachoka bila kujua kwa nini.

Ala ziingie mwisho na zimpishe. Nikiwa na wimbo wenye maneno mazito, nafungua sauti na kinanda kimoja tu, nausikiliza wote. Kama unasimama hivyo, kila ala nitakayoongeza inabidi ijieleze. Kama hausimami, namrudia mtunzi tuangalie beti, kwa kuwa ngoma hazitaziba ubeti usio na kitu. Na kubana sauti hadi wimbo wote uwe kelele moja ili upigwe juu kuliko wa jirani hakuna faida tena: YouTube na Spotify huupunguza zenyewe hadi karibu na LUFS -14, kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia. Unabaki na wimbo uliominywa, ukiwa chini sawa na wengine.

Hakikisheni mnahifadhi. Diski mbili, moja isikae studio. Kila jaribio lipewe tarehe na jina, hata lile la kupima sauti, na asifute mtu chochote kabla wimbo haujatimiza mwaka tangu utoke.

Yule mama nilimwendea nikamweleza nilichofanya, nikamwomba aje tena, bila malipo. Alikuja. Ilikuwa imepita miaka miwili. Niliweka mambo yote kama nilivyowaeleza hapa, taa, maombi, maikrofoni mkononi. Aliimba vizuri sana. Ubeti wa tatu aliupita bila kukatika.