Mama mwenye kisukari ameombwa kuingia kwenye utafiti wa dawa: msikatae wala msikubali kabla ya kuuliza haya

Mkuu, umeuliza mambo mawili. Moja, mama yako mwenye kisukari aina ya pili akikubali kuingia kwenye huo utafiti wa dawa atakuwa "panya wa maabara" kama shangazi anavyosema? Mbili, wewe mtoto mkubwa ndiye wa kumsainia? La pili ni jepesi: husaini wewe. Mama ana akili zake timamu, anasaini mwenyewe, na kama hasomi anaweka dole gumba mbele ya shahidi asiye mfanyakazi wa utafiti. Kazi yako ni kukaa naye na kuhakikisha ameelewa.

La kwanza nalijibu kwa urefu, maana nimekuwa nesi wa utafiti Dar kwa miaka kadhaa, upande wa kisukari na presha, na maneno ya shangazi nimeyasikia kwa wagonjwa wengi. Shangazi asidharauliwe. Huko Tuskegee, Marekani, kuanzia 1932 hadi 1972, mamia ya wanaume weusi wenye kaswende waliachwa waugue ili watafiti waone ugonjwa unavyokwenda. Hawakuambiwa wanaumwa nini, na penisilini ilipopatikana wakanyimwa. Masharti mengi ya leo yametokana na unyama wa aina hiyo. Kwetu Tanzania utafiti wa afya unapita kwenye kamati ya taifa ya maadili iliyo chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na ukiwa wa majaribio ya dawa unahitaji pia kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Kwenye fomu ya ridhaa kuna namba ya simu ya kamati ya maadili, mbali na ya daktari wa utafiti. Ipigeni. Ni haki yenu, na hakuna atakayewanunia. Kama fomu haina namba hiyo, au mnaambiwa msaini leo leo bila kwenda nayo nyumbani, ondokeni.

Jambo gumu kuliko yote kulieleza ni kura ya kugawa wagonjwa kwenye makundi. Mama hatachagua kundi, daktari hatachagua, kompyuta ndiyo inapanga. Wapo watakaopata dawa mpya juu ya dawa zao za kawaida, na wapo watakaopata kidonge kinachofanana na dawa hiyo lakini hakina dawa ndani, huku wakiendelea na matibabu yao yale yale. Wazee walikuwa wananishika mkono: "Sista, niweke kundi la dawa mpya." Iliniuma kuwakatalia, lakini sababu yake ni nzito. Chukua utafiti wa ACCORD uliofanyika Marekani na Kanada kwa watu 10,251 wenye kisukari aina ya pili na hatari kubwa ya magonjwa ya moyo. Kundi moja lilishushwa sukari kwa nguvu, HbA1c (kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu) ifike chini ya asilimia 6. Jingine likaachwa kati ya 7 na 7.9. Wengi wetu tungeomba mama zetu wawekwe kundi la kwanza. Mwaka 2008 ushushaji ule wa nguvu ulisimamishwa kabla ya muda, kwa sababu waliofariki upande huo walikuwa 257 na upande wa pili 203. Bila kura lile lisingeonekana, na wagonjwa dunia nzima wangeendelea kushushwa sukari kwa namna ile ile kwa nia njema.

Hapo uone pia kwamba dawa mpya si lazima iwe bora. Mwambie mama hivyo hivyo, asiingie akitarajia kupona. Ila ajue kwamba hiyo metformini uliyosema anakunywa ilipata heshima yake kwa njia hii hii: utafiti mkubwa wa Uingereza ulioanza 1977 na kutoa majibu 1998 ulionyesha kuwa wagonjwa wanene waliopewa metformini walifariki wachache kuliko waliotegemea zaidi ushauri wa chakula.

Wengine watakuambia hizo tafiti wakafanye huko huko kwao. Mimi napinga kwa nguvu zote. Dawa ikijaribiwa kwa Wazungu peke yao, sisi tunaipokea kwa kubahatisha. Mwaka 2019 yalitoka majibu ya utafiti wa presha uitwao CREOLE, watu weusi 728 kutoka nchi 6 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo. Kila mmoja alipewa mchanganyiko wa dawa mbili, na michanganyiko yenye amlodipini ikashusha presha vizuri zaidi ya ule wa perindoprili na haidroklorothiazidi. Hilo lilijulikana kwa sababu watu kama mama yako walikubali kufungwa mkanda wa presha saa 24.

Hata kipimo chenyewe cha HbA1c kinatuhusu kwa namna yake. Mtu aliyerithi sikoseli kwa mzazi mmoja, haumwi lakini anaibeba, HbA1c yake inaweza kusoma chini kuliko sukari yake halisi. Hilo lilichapishwa 2017 baada ya kuwapima Wamarekani weusi. Sasa fikiria Kanda ya Ziwa, ambako wabebaji ni wengi: mtu anaambiwa sukari yake nzuri huku macho yanaharibika. Kama kwenu kuna historia ya sikoseli, mwambieni daktari wa utafiti mapema.

Kuhusu uvumi kwamba damu inauzwa, haiuzwi. Kila siku ya kipimo huchukuliwa chupa ndogo chache, na fomu inataja ni mililita ngapi. Mililita 5 ni kama kijiko cha chai. Kuna swali lililo peke yake kwenye fomu ambalo watu hulipita: mnakubali damu ihifadhiwe kwa tafiti za baadaye, au isafirishwe nje ya nchi? Mara nyingi mama anaweza kukataa hilo na bado akaingia kwenye utafiti.

Nauli mtarudishiwa, na vipimo vya utafiti ni bure. Anayetaka hela ili akuingize kwenye "utafiti wa dawa inayomaliza kisukari kabisa" ni tapeli, na akimwambia mama aache dawa zake anaweza kumuua.

Swali ambalo ningelipigania mpaka mwisho ni hili: utafiti ukiisha, mama atapata wapi dawa? Niliwahi kuwa kwenye mradi ambao wagonjwa walipewa mashine za kupimia sukari na vijiti vyake, mradi ukafungwa, vijiti vikaisha. Watu walikuwa wamezoea kujipima kila asubuhi na kurekebisha insulini, ghafla wakabaki gizani, wakawa wanakuja kuniuliza mimi ambaye sina cha kuwapa. Hadi leo naona ule ulikuwa ukatili, hata kama kwenye karatasi kila kitu kilikuwa kimesainiwa. Kwa hiyo muulize kwa wazi, na jibu lao mlitafute kwenye fomu. Kama wanasema "tutaangalia", mjue dawa ile haitakuwepo. Ulizeni pia akipata madhara nani analipia matibabu. Bima ya utafiti lazima itajwe.

Akiingia halafu akachoka, anatoka siku yoyote bila kutoa sababu na kliniki yake ya kawaida inaendelea kumhudumia. Ila atoe taarifa kabla ya kuacha vidonge, maana baadhi ya dawa hazikatwi ghafla.

Siku ya miadi nendeni wote wawili, na kama shangazi anaweza aje aulize mwenyewe. Muulizeni nesi kama mama anatakiwa aje bila kula. Mbebe dawa zote anazotumia, za presha, za maumivu ya magoti, na mitishamba hata kama anaona aibu kuitaja. Baadhi ya mitishamba inagusa figo na ini, na isipoandikwa, majibu ya damu yatasomwa vibaya na mama anaweza kupewa dozi isiyomfaa.