Muulize Mzee wa Kamusi: "Chuo" ni kitabu?

SWALI: Shikamoo mzee. Marehemu baba alikuwa seremala wa mitumbwi hapa Mwanza, na alituachia kamusi ya Kiswahili na Kiingereza ya mwaka 1939. Humo "chuo" limefasiriwa kuwa kitabu. Mdogo wangu anasoma chuo Nyegezi, je, anasoma ndani ya kitabu? Kuna pia "deheni", eti kitu cha kupaka chombo. Nimewauliza mafundi wa Mwaloni wakabaki kucheka. Kamusi imekosea? (Msomaji, Igoma)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza kabisa, kamusi hiyo isije ikaishia kufungia vitumbua. Haijakosea. Tatizo ni kwamba wewe unaisomea Igoma, na walioiandika walikuwa pwani.

Aliyeisimamia ni Frederick Johnson, katika Kamati ya Lugha ya kusanifisha Kiswahili iliyoanza mwaka 1930, na aliijenga juu ya kamusi ya Madan ya 1903. Madan, mmisionari Mwingereza, alifanya kazi Unguja. Kabla yake alikuwepo Krapf, mmisionari Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844 akahamia Rabai. Kamusi yake ilichapwa London mwaka 1882, yeye akiwa ameshafariki mwaka uliotangulia. Hakuna hata mmoja wao aliyepanga chumba Kirumba hapa Mwanza.

Sasa pwani ya wakati huo kitabu kilikuwa kazi ya mkono. Siyu, kule kisiwa cha Pate, walisifika kwa kunakili misahafu. Mtu alikaa na kalamu ya tete na kidau cha wino akanakili ukurasa kwa ukurasa, kisha karatasi zikajalidiwa kwa ngozi. Kitabu cha namna hiyo ndicho chuo. Mtoto aliyepelekwa mahali pa kukisoma alikwenda chuoni, na baadaye jina la kitabu likabaki kwa jengo. Ukitaka ushahidi, mtazame mwanachuoni: hatumwiti hivyo kwa sababu amelipa ada Nyegezi, bali kwa sababu amebobea katika vitabu vya dini. Hata leo ukiwa Lamu ukataja mwalimu wa chuo, wapo watakaomfikiria wa madrasa, na mshahara wake si wa kugombea.

Jalada nalo limehama. Zamani ni ngozi ya kufunika kitabu. Leo nenda mahakamani uulizie jalada lako, utaletewa karatasi ngumu iliyofungwa kwa kamba. Kama litapatikana.

Deheni ni habari nyingine, na mafundi wa Mwaloni wana haki ya kucheka. Ni mchanganyiko wa mafuta ya wanyama na chokaa, uliopakwa chini ya jahazi. Baharini kuna viumbe wa maji ya chumvi wanaotoboa mbao, na jahazi lisilopakwa huliwa taratibu likiwa limetia nanga. Ziwa letu ni maji baridi, viumbe hao hawaishi humu. Fundi wa huku kinachomsumbua ni maji kupenya kati ya ubao na ubao, ndiyo maana anashindilia pamba kwenye maungio (na pamba Usukumani haijawahi kuwa ya kutafuta). Marehemu baba yako angeweza kutengeneza mitumbwi maisha yake yote asilihitaji neno hilo hata siku moja.

Kwa hiyo usiitumie kamusi ya 1939 kumhukumu fundi wa ziwani. Itumie kujua fundi wa Unguja alikuwa na nini mkononi. Na kama baba alipenda kuandika pembeni mwa kurasa, hayo maandishi yake ndiyo ningeyasoma kwanza.

SWALI: Mhunzi na sonara ni mtu mmoja? (Msomaji, Nansio)

JIBU: Hapana. Mhunzi ni wa chuma, na huku kwetu waliovuma ni Warongo wa upande wa Geita, ambao majembe yao yalifika hadi Usukumani. Sonara ni wa dhahabu na fedha. Mpelekee sonara panga akunolee uone atakavyokutazama.